Tairi Halinunuliwi kwa Kidole

Mnunuzi wa tairi la 4x4 utamtambua kwa kidole chake. Akifika dukani, iwe Gerezani pale Kariakoo au Kirinyaga Road jijini Nairobi, hasomi kitu. Anachomeka kidole cha shahada katikati ya kashata mbili. Kikizama mpaka kiungo cha kwanza, anaridhika. Kikigota mapema, ananuna na kusogea kwenye tairi la pili. Muuzaji naye anaijua ibada hii. “Hili ni jiwe, bosi, hili halipasuki,” anasema huku akilipiga kofi ubavuni, na fedha zinahesabiwa.

Nina ugomvi na kidole hicho. Kinapima kitu kimoja tu, kina cha kashata, na juu ya kipimo hicho kimoja tumejenga imani nzima: kwamba kashata zikiwa nene na zimeachana, tairi ni imara, kwamba tairi imara halitoboki wala halichaniki, na kwamba mwenye 4x4 asiyefunga matairi ya namna hiyo hajui anachokimiliki. Imani hii inauza matairi mengi kuliko tangazo lolote.

Ushahidi wangu wa kwanza ni wachongaji. Kando ya barabara za miji yetu utamkuta fundi ana kisu cha moto mkononi na tairi kipara magotini. Anachimba mifereji mipya ndani ya mpira kidogo uliobaki, anapaka rangi nyeusi, na ikifika jioni tairi lina kashata tena. Kidole kikiingizwa hapo kinaridhika kabisa. Lakini alichokifanya fundi ni kupunguza mpira uliokuwa ukizifunika nyaya za chuma, pengine amezigusa zenyewe, na sasa maji na mchanga vimepata njia na kutu imepata kazi. Tairi limekuwa dhaifu kuliko lilipokuwa kipara, na bei yake imepanda. Yapo matairi ya malori yaliyotengenezwa ili yachongwe upya, na yameandikwa hivyo ubavuni. La Hilux yako halimo.

Kashata kazi yake ni kushika ardhi. Nguvu ya tairi iko chini yake: kwenye matabaka ya nyuzi yanayotoka ukingo mmoja kwenda mwingine, kwenye mikanda ya waya iliyolazwa juu ya nyuzi hizo, na zaidi ya yote kwenye upepo. Upepo ndio unaobeba gari. Mpira na nyuzi vinaushikilia tu. Hakuna kati ya hivyo kinachofikiwa na kidole.

Vingine vimeandikwa waziwazi. Chukua 265/65R17 112S, saizi ya Prado nyingi na Hilux nyingi. Upana ni milimita 265, kimo cha ubavu ni asilimia 65 ya upana huo, rimu ni ya inchi 17. Karibu kila mnunuzi anaishia hapo, na hapo ndipo habari ilikuwa inaanza. Ile 112 inasema kwamba tairi moja linabeba kilo 1,120 na si zaidi. Ingekuwa 116 lingebeba kilo 1,250. Ingekuwa 121, kilo 1,450. Herufi S ni mwendo usiozidi kilomita 180 kwa saa, na huo sidhani kama unakuhusu. Sasa pakia pikapu magunia ya mahindi mpaka ekseli ya nyuma ibebe kilo 2,400, kisha uifunge matairi ya 112. Kila moja limezidiwa kilo 80 kabla hujalikuta shimo la kwanza. Kashata zake ziwe nene utakavyo.

Halafu kuna “pulai kumi”. Muuzaji atakutajia pulai kumi kana kwamba alizihesabu mwenyewe. Alama ya 10PR ni kipimo cha nguvu tulichokirithi enzi za nyuzi za pamba, wakati tairi lilipohitaji kweli matabaka kumi ili libebe mzigo fulani. Tairi la leo lenye alama hiyohiyo kwa kawaida lina matabaka mawili au matatu ya poliesta ubavuni, na kwa mzigo yanatosha. Kwa anayekwenda kwenye mawe, swali la maana ni kama ubavu una mawili au una matatu, na kwenye matairi mengi jibu limeandikwa kwa herufi ndogo karibu na rimu. Ukitoka Mto wa Mbu kupitia Engaruka kuelekea Ziwa Natron, au ukitoka Marsabit kwenda Loiyangalani, mawe ya volkano hayashughuliki sana na kashata. Yanachana ubavu, mahali ambapo kashata hazipo.

Najua jibu linalokuja: tope. “Wewe unaongea ya lami, sisi tunaishi kwenye tope.” Sawa. M/T, yaani tairi la tope lenye kashata kubwa zilizoachana, lina haki yake. Anayeingia mashamba ya miti masika yote, kwenye njia zilizochimbwa na matrekta, afunge M/T na asinisikilize. Kwenye tope laini lenye kina, tairi linapozunguka kwa kasi nafasi zile pana zinalitema tope, na kashata zinapata pa kung’ata.

Ila si kila tope ni hilo. Udongo mweusi wa mfinyanzi, ule wa tambarare za Athi au wa ukanda wa magharibi wa Serengeti, unanata. Ukilowa unajaza nafasi za kashata ndani ya mizunguko michache, na M/T lako la bei mbaya linageuka kipara sawa na mengine. Madereva wazoefu wa huko hufunga minyororo, au huzima injini na kungoja jua, na hawaoni haya. Wengine hupenda tairi jembamba, 7.50R16 la Land Cruiser za kazi, kwa kuwa jembamba hulikata tope likafika kwenye ardhi ngumu chini. Hilo jembamba ukiliweka kando ya lile pana la mjini lenye meno, mnunuzi wetu hata kidole hatalipa.

Kwenye mchanga, kashata kubwa zinakuwa adui kabisa. Mchanga hautaki kung’atwa, unataka kukanyagwa taratibu na tairi lililotanuka. Kashata za M/T zinachimba, na kadiri dereva anavyokandamiza mafuta ndivyo anavyochimba kaburi la gari lake.

Sasa tuhesabu siku zilizobaki za mwaka. Prado nyingi ninazoziona zimevaa M/T zinalala Mikocheni au Kilimani, zinapeleka watoto shule, na mara moja moja zinateremka mlima Kitonga mvua ikinyesha, lori mbele na basi nyuma. Kwenye lami iliyolowa, kinachosimamisha gari ni mpira unaogusa barabara pamoja na ile mipasuko myembamba inayofuta utando wa maji. M/T lina mpira mchache unaogusa, kwa sababu nafasi zimekula eneo, na mipasuko yake kwa kawaida ni haba. Gari linahitaji urefu zaidi wa kusimama. Dukani hakuna anayelitaja hilo. Linalotajwa ni mngurumo, na mngurumo wenyewe watu wanaupenda. Juu yake kuna mafuta yanayoongezeka, na kokoto zinazonaswa kwenye nafasi zile na kusukumwa kidogokidogo kuelekea kwenye waya. Gari lisilowahi kutoka kwenye lami wala changarawe iliyotunzwa halihitaji hata A/T, yaani tairi la njia mchanganyiko. Linahitaji H/T, tairi la barabara kuu, lile ambalo vijana wa mjini wanaliona la kizee.

Anayechanganya njia, wiki mjini na Jumamosi kijijini, A/T ndilo lake. Asidanganywe tu na herufi. A/T haina kipimo cha kisheria nyuma yake. Kiwanda chochote kinaweza kuzichapa herufi hizo juu ya tairi lolote. Nimeona A/T yenye kashata za kutisha na ubavu laini usiostahili hata barabara ya Makuyuni enzi zile kabla ya lami.

Kuna tawi jingine la imani hiihii: ukipandisha saizi, gari linakuwa la porini zaidi. Tufanye hesabu. Tairi la 265/65R17 lina kipenyo cha milimita kama 776. Ukipanda hadi 265/70R17 unapata kama 803. Tofauti ni milimita 27 hivi, lakini nusu yake iko juu ya ekseli na haikusaidii kitu. Tumbo la gari limeinuka milimita 13. Kwa hizo 13, spidomita inakudanganya: ikisema 100 unakwenda 103 na zaidi kidogo, injini inasukuma gurudumu refu zaidi, na breki zinapata kazi ya ziada. Ukifika 285/70R17, spidomita ya 100 maana yake ni 107, na fundi anaanza kukata plastiki za matopeni ili usukani uzunguke. Vijana wanaita hiyo kuliboresha gari.

Lakini kinachoniudhi kuliko vyote ni upepo, maana hapo imani inaharibu hata tairi zuri. Kijana wa kituo cha mafuta anauliza, “Ngapi, mzee?” Jibu ni “Weka arobaini.” Kwa nini arobaini? Kwa sababu tairi la 4x4 ni gumu, na gumu lijazwe. Wengine wanasoma namba ya mwisho ubavuni, ambayo ni kikomo, wakaifanya agizo. Agizo liko kwenye kibandiko cha nguzo ya mlango wa dereva, na linahusu matairi ya saizi na aina iliyokuja na gari. Ukihama kutoka tairi la kawaida kwenda lile lenye herufi LT mbele ya saizi, kibandiko hakitoshi tena: LT linahitaji upepo zaidi ili libebe mzigo uleule, na zile kilo 1,450 za 121 zinapatikana upepo ukifika kikomo tu. Jedwali la mtengenezaji lipo. Mwambie muuzaji akuoneshe, na asipolijua umeshajua unanunua kwa nani.

Tairi lililojazwa kupita kiasi haliwezi kujikunja juu ya jiwe lenye ncha. Linalipokea jiwe kwa nguvu zote, na linachanika. Lenye upepo mchache likikimbizwa kwenye lami linajikunja mno, mbavu zinapata joto, na joto ndilo linalolipasua, mara nyingi saa nane mchana gari likiwa limejaa. Hapo tutalaumu Wachina. Kwenye barabara ya mawe na mawimbi punguza kama robo ya upepo na upunguze na mwendo; kwenye mchanga shuka hata PSI 18; ukirudi lami, jaza kabla hujakanyaga mafuta. Kompresa ndogo inayochomekwa kwenye betri bei yake haifiki ya tairi moja. A/T la kawaida lenye upepo 18 litapita kwenye mchanga ambamo M/T lenye 40 limejizika.

Umri nao. Arusha kulikuwa na General Tyre, Nairobi kulikuwa na Firestone iliyokuja kuwa Sameer yenye matairi ya Yana, na kiwanda hicho cha Nairobi kilifungwa mwaka 2016. Sasa karibu kila tairi letu limevuka bahari, likalala bandarini, likalala ghalani, likaning’inia nje ya duka likipigwa na jua. Mpira unazeeka hata bila kutembea. Baada ya neno DOT kuna tarakimu nne za mwisho: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Uingereza, tangu Februari 2021, lori au basi haliruhusiwi kufunga mbele tairi lililozidi miaka 10, na sheria hiyo ilitanguliwa na ajali ya basi ya mwaka 2012, ambalo tairi lake la mbele lilikuwa na zaidi ya miaka 19. Tairi la miaka mingi ambalo halijatumika lina kashata nzima. Kidole kinalipenda kuliko yote.

Limebaki la tano, lile linaloning’inia mlango wa nyuma au limefichwa chini ya bodi. Watu wananunua manne mapya na kuliacha hilo lililokuja na gari kutoka Japani, saizi nyingine, halina upepo. Siku likihitajika litafungwa kwenye Prado ambayo magurudumu yote manne yanavuta muda wote, na kwa kuwa kipenyo chake si sawa na cha wenzake, difu ya katikati itasagika njia nzima kutoka Loliondo mpaka nyumbani. Nunua matano ya aina moja. Fedha zisipotosha, chagua katika yale manne ya zamani lenye tarehe ya karibuni zaidi na saizi ileile, lifanye la akiba, na ulijaze kabla hujalipa bili ya fundi.