Swali la Mtoto Penye Maji Moto

Likizo iliyopita tulimchukua mwanetu wa miaka saba kwenda Mbeya, tukaanzia kwenye chemchemi za maji moto za Songwe. Alipoona maji yakifuka mvuke bila kuni wala jiko, alirudi nyuma, akatushika kanzu na kuuliza: "Baba, huu ndio moto wa Jahannam?"

Tuliona haya. Halikuwa swali la utundu, bali mavuno ya tulichokipanda wenyewe. Kila alipokosea nyumbani tulimtajia moto, na rehema tukaisahau.

Tuliketi naye mbali na ukingo, kwani maji yale huunguza, tukamweleza. Maji ya mvua hupenya katika nyufa za Bonde la Ufa, hukutana na miamba yenye joto, kisha hupanda tena yakiwa yamebeba chokaa. Chokaa hiyo ndiyo iliyojenga, tabaka juu ya tabaka, mwamba tulioukalia.

Siku ya pili tulipanda kwa miguu katika msitu wa safu ya Poroto hadi juu ya Ziwa Ngozi, lililotuama ndani ya kasoko ya volkano. Mwanetu aliyatazama maji ya kijani kule chini, akanyamaza, kisha akasema: "Subhanallah." Hakuna aliyemwamrisha.

Ndugu wazazi, habari ya moto tusiifiche, lakini isiwe ndio mlango wa kwanza wa mtoto kumjua Mola wake. Wabillahi tawfiq.