Kiu ya Zege

Liko neno moja katika vinywa vya baadhi ya waashi, hapa Sondu na kwingineko, ambalo hudhoofisha nyumba kabla haijahamiwa. Wakisha kumimina zege la sakafu au nguzo, kesho yake huligonga kwa kisigino na kusema, "Limekauka." Kisha huliacha juani na kuanza kupandisha matofali. Neno hilo ni kosa, na yapasa lipingwe.

Zege haliwi gumu kwa kukauka, hukomaa. Saruji na maji huungana kuwa kitu kipya kinachoushika mchanga na kokoto kama jiwe moja. Kazi hiyo huchukua siku nyingi, na unyevu ukitoweka hukoma. Ushahidi ni huu: zege humiminwa hata chini ya maji, katika misingi ya madaraja na magati, nalo huwa gumu pasipo kuliona jua.

Zege la saruji ya kawaida likitunzwa katika unyevu, kwa siku 7 hupata kama thuluthi mbili za nguvu zake za siku ya 28. Lililoachwa hewani tangu mwanzo laweza kuishia na nusu tu ya nguvu za lililotunzwa. Mwenye nyumba amenunua mifuko yote ya saruji, akapokea kazi ya nusu yake!

Wako wasemao, "Tulitia maji mengi tulipochanganya." La hasha! Duff Abrams alionyesha huko Chicago, mwaka 1918, kwamba maji yakizidi katika mchanganyiko nguvu hupungua, kwa maana ziada hiyo huacha vitundu ndani. Maji yawe ya kipimo wakati wa kuchanganya, na tele baada ya zege kushika. Wengine huitegemea mvua; lakini mvua ya alasiri hailipi deni la jua la asubuhi nzima. Wengine hulia gharama. Je, magunia makuukuu yaliyoloweshwa ni ghali kuliko ukuta wenye nyufa?

Mto wetu umezungusha mitambo ya umeme ya Sondu-Miriu, yenye uwezo wa megawati 60, tangu mwaka 2008. Ni aibu jirani yake kunyima sakafu mpya ndoo chache asubuhi na jioni.

Enyi vijana, kesho ninyi ndio waashi, wahandisi na wenye nyumba. Dai hizo siku 7 bila haya. Dari ikianguka haiulizi ni nani aliyefanya haraka. Humwangukia aliyelala chini yake.