Simu ya mwenyekiti wa mtaa ni amana ya nani?

 Ijumaa ya leo tumeona tulitazame jambo ambalo huenda baadhi ya wasomaji wetu wataliona dogo, nalo ni simu ya mkononi ya kiongozi tuliyemchagua wenyewe, yaani diwani wa kata na hasa mwenyekiti wa mtaa.

Tuchukue mfano wa Mzinga katika Manispaa ya Morogoro, si kwa kuwa kata hiyo ina kosa lolote, bali kwa kuwa maumbile ya mahali yanaieleza mada yetu vizuri. Mzinga ni jina la mto pia, unaoteremka kutoka Milima ya Uluguru na kumwaga maji yake katika Bwawa la Mindu, linalotegemewa kwa maji ya mji wa Morogoro. Katika nchi ya miteremko kama hiyo, mkazi anayehitaji barua ya utambulisho wakati wa masika hatembei tena kwenda kubahatisha kama mwenyekiti yupo. Anapiga simu kwanza. Msiba ukitokea, moto ukizuka mlimani, mto ukifurika, ni simu. Tunaweza kusema bila kutia chumvi kwamba simu hiyo ndiyo ofisi yenyewe.

Ikiwa ndiyo ofisi, basi ni ofisi ya ajabu. Laini imesajiliwa kwa jina la mtu binafsi na kwa alama zake za vidole, kwa utaratibu ulioanza Mei 2019. Vocha anainunua yeye, naye hana mshahara. Mwaka 2021 Serikali ilifanya jambo la kheri ilipoamua kuwalipa moja kwa moja posho madiwani wa halmashauri zenye mapato madogo, na kuwapangia watendaji wa kata posho ya Sh 100,000 kwa mwezi. Mwenyekiti wa mtaa, ambaye ndiye anayeamshwa usiku wa manane, alibaki akitegemea kile ambacho halmashauri yake itajaaliwa kumpa.

Hapo ndipo penye hatari. Simu isiyojazwa vocha na umma itajazwa na mtu mwingine. Mwenye kutafuta kiwanja humrushia mwenyekiti salio la Sh 5,000 na kusema ni ya maji tu. Haina risiti, haina shahidi, na mpokeaji pengine hata hakuiomba. Wasomaji wetu wanakikumbuka kisa cha Ibn al-Lutbiyya, kilichopokewa na Bukhari na Muslim kutoka kwa Abu Humayd as-Saidi (RA). Mtu huyo alitumwa kukusanya zaka, akarejea na kuigawa mali mafungu mawili, moja akalikabidhi, la pili akadai kuwa amezawadiwa. Mtume (SAW) alipanda mimbari akahoji iwapo zawadi hizo zingemfuata mtu huyo lau angebaki nyumbani kwa baba yake au mama yake. Kipimo hicho hakijachakaa. Vocha ile ingemfikia mwenyekiti lau asingekuwa na mhuri? Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa, Na. 11 ya mwaka 2007, haikuweka kiwango ambacho chini yake rushwa huwa halali, na madiwani wanabanwa pia na Sheria ya Maadili ya Viongozi wa Umma ya mwaka 1995.

Jambo la pili ni kauli zisizoandikwa. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu za kibinadamu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto. Mtu akitaka kulima au kujenga ndani ya mipaka hiyo, huko yanakotoka maji ya mji mzima, hatapeleka barua inayoweza kukataliwa mbele ya watu. Atapiga simu. Neno moja la "endelea tu" linatosha, na likija kuulizwa, hakuna aliyelisema. Mwenyezi Mungu (SW) ametuamrisha katika Suratul-Baqara, aya ya 282, kuandikiana madeni na kuweka mashahidi, na hayo ni madeni ya watu wawili tu. Haki ya maji ya mji mzima haistahiki kuachiwa kauli ya simu.

Uchaguzi wa Serikali za Mitaa wa Novemba 27, 2024 umetuonyesha jambo jingine. Mwenyekiti anayeondoka hukabidhi mhuri na daftari, lakini namba ambayo mtaa mzima umeikariri huondoka nayo mfukoni. Huondoka pia na namba za wajane, za wagonjwa, za kaya zilizomweleza shida zake kwa siri. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, imekuja kutukumbusha lile tulilokwisha kuamrishwa katika Suratun-Nisaa, aya ya 58, kuhusu kuzirejesha amana kwa wenyewe.

Tunachopendekeza hakihitaji fedha nyingi. Utaratibu wa usajili unaziruhusu taasisi kusajili laini kwa majina yake, basi halmashauri isajili laini ya kila mtaa, iikabidhi pamoja na mhuri, na kuirejesha pamoja na mhuri. Vocha yake itoke katika mapato ya halmashauri na kiasi chake kisomwe katika mkutano wa wakazi. Kila ruhusa iliyotolewa kwa simu iingizwe katika daftari siku hiyo hiyo. Naye mwenyekiti awe na simu yake kwa mambo yake. Inasimuliwa kwamba Khalifa Umar bin Abdul-Aziz (RA) aliizima taa ya Baytul Mali mazungumzo yalipogeuka kuwa ya nyumbani kwake, akawasha yake.

Wapo watakaotuambia kuwa haya yamepitwa na wakati, kwani mitaa mingi sasa ina makundi ya WhatsApp. Hatuyapingi. Lakini kuanzia Oktoba 29, 2025, siku ya Uchaguzi Mkuu, intaneti ilikatika nchini kwa siku kadhaa, na makundi hayo yakanyamaza. Isitoshe, kuna wazee wengi huko miteremkoni ambao hawana simu kabisa, ya kubonyeza wala ya kugusa. Kwa hao tangazo la mkutano lazima liendelee kubandikwa kwenye ubao wa ofisi ya mtaa na kusomwa msikitini na kanisani, na siku za kufunguliwa ofisi ziandikwe mlangoni kwa herufi kubwa, na mlango ufunguliwe siku hizo.