Hesabu za mwaka wa kwanza zisichaguliwe kwa uvumi wa bwenini

Ndugu Mhariri,

Naomba unipatie nafasi katika safu yako ya barua za wasomaji ili nami nitoe dukuduku langu kuhusu jambo ambalo halisemwi sana, ingawa kila mwaka vyuo vikuu vinapofunguliwa linawagharimu vijana wetu na wazazi wao. Jambo lenyewe ni namna wanafunzi wapya wanavyochagua somo lao la kwanza la hisabati.

Najua wapo watakaonikosoa kwamba mwanafunzi wa chuo kikuu hachagui, bali hupangiwa. Kwa anayesomea uhandisi ni kweli kwa sehemu kubwa. Lakini wako wengi, hasa katika uchumi, sayansi, kilimo na masomo ya jamii, ambao wakifika mbele ya orodha ya kujiandikisha hukuta masomo ya lazima na ya hiari, na kwenye hisabati hukuta njia mbili au tatu. Hapo kijana wa miaka kumi na tisa au ishirini, aliyeshuka basi juzi na begi lake, anatakiwa aamue jambo litakalomfuata miaka mitatu. Anamwuliza nani? Anamwuliza aliye kitanda cha juu.

Ndivyo ilivyomtokea mpwa wangu. Kidato cha sita alisoma EGM, yaani uchumi, jiografia na hisabati, akapata C ya hisabati, na mwaka 2021 akaingia chuo kimoja kusomea uchumi. Alikuta somo fupi la hesabu za biashara, na pia masomo mawili ya idara ya hisabati, moja la kalkulasi na jingine la matriksi. Wenyeji wa bweni wakamwambia achukue lile la biashara kwa kuwa “limenyooka”, GPA itapanda. Alilichukua, akapata B+, na nyumbani tulichinja kuku.

Mwaka wa pili ndipo tulipojua kuku yule alichinjwa mapema. Somo alilolipenda kuliko yote katika uchumi ni lile la kupima mambo ya uchumi kwa takwimu, na somo hilo linasimama juu ya vitu viwili alivyovikwepa: matriksi, yaani yale majedwali ya namba yanayozidishwa na kugeuzwa kama namba moja, na kalkulasi ya vigeu vingi. Mhadhiri hakurudi nyuma kumfundisha. Kwa nini arudi? Orodha ilikuwa wazi tangu mwanzo. Binti akawa anajifundisha usiku kwa vitabu vya kuazima, na masomo mengine yakashuka. GPA aliyotaka kuilinda ndiyo iliyoumia. Siku moja aliniambia, “Mjomba, hakuna aliyeniambia kwamba lile somo rahisi ni mlango usio na chumba nyuma yake.” Maneno hayo ndiyo yaliyonifanya nishike kalamu.

Nisieleweke vibaya kwamba namshauri kila mtu akimbilie lililo gumu. Jirani yangu ana kijana aliyesoma PCB pamoja na ile hisabati ndogo iitwayo BAM. Idara yake chuoni iliruhusu mojawapo ya masomo mawili, la wanahisabati wenyewe au la wasio wanahisabati. Baba yake, ambaye ni rafiki yangu na atanisamehe, alisema mwanawe hawezi kusoma “hesabu za wasio”. Kijana akajiandikisha na wanahisabati. Akafeli, akafanya sapu, akafeli tena, akalibeba somo mwaka wa pili, na nusura afikie kile wanafunzi wanachokiita kudisko. Sasa kijana huyu si mjinga hata kidogo. Alikosea somo tu.

Labda nieleze kosa lilipo, maana majina ya masomo haya hudanganya. BAM siyo Hisabati ya Juu iliyopunguzwa ugumu. Ina kalkulasi kidogo, takwimu, uwezekano, matriksi na logi, kila kitu kwa kugusia ili anayesoma baiolojia au jiografia apate chombo cha kazi. Aliyesoma Hisabati ya Juu amekutana na hayo kwa kina, kisha akaongezewa namba changamano, vekta, milinganyo ya kalkulasi na mengine mengi. Hao wawili wakiketi benchi moja chuoni hawakuanzia mahali pamoja, hata kama vyeti vyao vina herufi zinazofanana. Na somo la wanahisabati wenyewe halianzi kwa kukokotoa. Linaanza na mantiki, na seti, na kuuliza maana halisi ya kikomo, kisha linamtaka mwanafunzi athibitishe. Kijana aliyezoea kukariri kanuni na kuingiza namba hukaa mhadhara mzima akingoja hesabu zianze, nazo zilikwisha kuanza zamani.

Swali wanalouliza vijana wetu ni, “Lipi rahisi?” Wazazi nao huuliza, “Lipi lina heshima?” Kwa maoni yangu yote mawili ni maswali mabovu. La kuuliza ni hili: baada ya somo hili nitahitaji nini? Mwanafunzi aichukue orodha ya mwaka wa pili na wa tatu, atazame masomo anayotamani kuyafikia, kisha asome kila moja linadai masharti gani ya awali. Ni kazi ya nusu saa. Orodha hiyo hupatikana chuoni, lakini nimeuliza vijana zaidi ya kumi hapa mtaani na ni wawili tu waliowahi kuifungua kabla ya kujiandikisha.

Hapa naomba nijitolee ushuhuda mimi mwenyewe, maana kosa la watoto wetu nililitenda kabla yao. Niliingia chuo mwaka 1984 kusomea kilimo. Palikuwa na nafasi moja ya hiari: somo la pili la kalkulasi, au takwimu. Wakati ule sisi vijana tulikuwa na kasumba kwamba kalkulasi ndiyo hesabu ya wanaume, na takwimu ni ya makarani wa kuhesabu magunia. Nikachukua kalkulasi, nikafaulu vizuri sana. Nikapelekwa kituo cha utafiti, nikakabidhiwa jaribio la mbolea za mahindi.

Nilipanga vipande vya shamba kwa jinsi nilivyoona inapendeza. Mbolea mpya yote niliiweka upande wa bondeni, kwa kuwa ni karibu na barabara na wageni wangeona vizuri. Mahindi yalistawi ajabu, nami nikaanza kuandika taarifa. Fundi sanifu mmoja, mzee wa kazi ambaye hakufika kidato cha tano, akaniuliza kwa adabu, “Bwana mkubwa, na kama huku bondeni mahindi yangezaa hivi hivi bila mbolea?” Sikuwa na jibu. Msimu mzima ulipotea, na mbolea ya serikali, na jasho la vibarua. Ilinibidi nianze kujifunza takwimu nikiwa na mke na mtoto, kwa taa ya kandili.

Nikagundua kwamba takwimu haikuzaliwa kwa makarani. Mwaka 1908 William Gosset, mtu wa kiwanda cha bia cha Guinness kule Dublin, alitoa njia ya kupata hukumu ya haki kutokana na vipimo vichache, kwa sababu kiwandani hawakuwa na nafasi ya kupima maelfu. Alitumia jina la bandia la Student. Ronald Fisher aliajiriwa mwaka 1919 katika kituo cha utafiti wa kilimo cha Rothamsted, Uingereza, na ni kwenye mashamba yale alikokuza mawazo ya kugawa vipande kwa kura, ili bonde na mwinuko visimdanganye mtafiti. Kitabu chake kwa watafiti kilitoka mwaka 1925. Yaani miaka sitini kabla ya mimi kuweka mbolea bondeni, dawa ya ujinga wangu ilikuwa imeandikwa, tena na watu wa mashamba na viwanda.

Kwa hiyo nawaambia wanaosomea uuguzi, kilimo, ustawi wa jamii, elimu na habari: pengine somo lenu la kwanza si kalkulasi hata kidogo. Ni takwimu, tena ile inayofundishwa kwa makini, siyo ya kuchora chati za rangi. Na anayeelekea uchumi wa kina, fizikia, kompyuta au bima asidanganywe kwamba takwimu itamwondolea kalkulasi. Kalkulasi ni hesabu za mabadiliko, kitu kinakua kwa kasi gani sasa na kitafika wapi, na takwimu za ngazi ya juu zenyewe zinaitegemea.

Kuna jambo la pili la kupima, nalo ni msingi. Wanaofundisha watakuambia kwamba wengi wanaoanguka katika kalkulasi hawaangushwi na kalkulasi. Wanaangushwa na sehemu, vipeo, logi na kuhamisha herufi kutoka upande mmoja wa mlinganyo kwenda mwingine, mambo ya sekondari. Wala si ajabu. Katika mtihani wa kidato cha nne wa mwaka 2022, takribani mtahiniwa mmoja tu kati ya watano alifaulu hisabati. Walioendelea mbele wametoka katika madarasa yale yale yaliyokosa walimu.

Mwanafunzi ajipime mwenyewe kabla ya kuchagua. Achukue karatasi, aweke simu mbali. Gunia la mahindi lilikuwa shilingi 60,000, likapanda hadi 75,000. Limepanda kwa asilimia ngapi? Likishuka tena hadi 60,000, limeshuka kwa asilimia ngapi? Anayejibu ishirini na tano mara zote mbili asione haya, ila ajue kuna kazi ya kufanya kwanza, kwa sababu kushuka ni asilimia ishirini. Kisha achukue mtihani wa zamani wa kidato cha nne, aufanye kwa saa zake bila kuchungulia. Akiona anasuasua, aanze na somo la chini linalompeleka kwenye la juu, au atumie miezi ile ya kungoja chuo kurudia msingi. Kurudia msingi si aibu. Nimeona vijana wakitumia miezi hiyo yote kuuza vocha, jambo jema, lakini saa moja jioni isingeharibu biashara.

Aidha, ahesabu muda. Katika utaratibu wa vyuo vyetu krediti moja ni kama saa kumi za kazi ya mwanafunzi, na mwaka una krediti 120. Somo la krediti 12 basi ni saa 120, na mihadhara ni sehemu tu ya saa hizo. Zinazobaki ni za mwanafunzi na penseli yake. Anayechukua somo gumu la hisabati huku amejaza muhula masomo mengine mazito, tena anafanya kibarua mjini, atambue tangu mwanzo kwamba saa hizo hazipo.

Sasa nawageukia wahusika vyuoni, maana si haki kuwabebesha vijana lawama yote. Wiki ya kuwapokea wanafunzi wapya imejaa hotuba, picha za vitambulisho na foleni. Je, haiwezekani katika wiki hiyo kukatolewa jaribio la hisabati la saa moja, lisilo na alama, ili mwanafunzi ajue asimame mlango upi? Je, ni gharama gani kubandika karatasi moja nje ya kila idara inayosema: ukichukua somo hili unaweza kuendelea na haya, na haya yamefungwa? Mpwa wangu angeisoma karatasi hiyo. Angeisoma hata kama imebandikwa pembeni ya tangazo la dansi.

Vilevile mwanafunzi aliyegundua katika wiki ya tatu kwamba amekosea asifungiwe dirisha kwa sababu ya muhuri. Wiki ya tatu bado anaokoleka. Wapo washauri wa masomo ambao kwenye orodha wanahudumia wanafunzi mia, na mlangoni kwao pana kufuli. Sisemi hawafanyi kazi, wana mihadhara yao. Lakini kama mshauri hana nafasi, basi wapewe kazi hiyo wanafunzi wa mwaka wa tatu waliofaulu masomo hayo, wakae mezani siku mbili za kujiandikisha, wajibu maswali kwa Kiswahili cha kueleweka. Ushauri wa bwenini hauwezi kupigwa marufuku. Unaweza kushindwa na ushauri ulio bora.

Nasi wazazi tuache kuuliza watoto kama somo lao lina jina kubwa. Mzee mwenzangu, baba wa yule kijana aliyebeba somo, alinifuata mwezi uliopita kuniuliza iwapo binti yake mdogo, anayeingia chuo mwaka huu, achukue kalkulasi au takwimu. Nilimjibu sijui, nikamwomba amlete binti mwenyewe na orodha ya masomo ya miaka yote mitatu. Wamesema watakuja Jumamosi.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mtafiti Mstaafu wa Kilimo,
Morogoro.