Msimamizi Naye Asikilize

Anayeshauri ndoa za watu naye anahitaji msimamizi wa kupitia naye kazi yake. Lakini asimamiwe vipi? Mwaka 2006, huko Mbare, Harare, daktari wa magonjwa ya akili, Dixon Chibanda, alianza na akina bibi 14, waketi na wenye mawazo mengi na kuwasikiliza. Yeye alitaka liitwe benchi la afya ya akili. Bibi wakakataa: nani atakubali kuonekana hapo? Likaitwa benchi la urafiki. Daktari alikubali, kama Musa alivyomsikiliza Yethro mkwewe. Makanisani mwetu je? Mama mshauri akisema, "Mchungaji, swali hili mke hawezi kulijibu mbele ya mama mkwe," tunamsikiliza, au tunamwambia afuate tu kitabu, na yule mke arudi nyumbani na shida yake?