Chama cha lugha ni kazi, si sherehe

Tangu UNESCO ilipoitenga tarehe 7 Julai, katika mwaka wa 2021, kuwa Siku ya Kiswahili Duniani, kila mwaka siku hiyo ikifika mashairi hughaniwa, hotuba hutolewa na lugha yetu husifiwa ikasifika. Kesho yake vyama vingi vya Kiswahili shuleni hurejea katika shughuli vilizozizoea, nayo ni kudurusu maswali ya mitihani iliyopita. Kufaulu mtihani si jambo la kubezwa. Hata hivyo, chama kisichokuwa na kazi ila hiyo ni darasa la ziada lililobandikwa jina jingine.

Rai yangu ni kwamba vyama vya Kiswahili vya shule za Likoni, Kisauni na Changamwe viungane kuwa chama kimoja cha lugha na fasihi, na kazi yake ya kwanza iwe kukusanya na kuchapisha maneno ya wazee wa pande hizo kabla wenyewe hawajatuaga.

Yamkini atatokea wa kuuliza: wanafunzi wataweza nini? Na ajibiwe kwa mfano wa mbali. Katika jimbo la Assam, India, mnamo 1836 watawala Waingereza waliifanya lugha ya Kibengali kuwa lugha ya mahakama na shule, na lugha ya wenyeji ikawekwa kando hadi 1873. Walioifufua fasihi yake hawakuwa mawaziri. Mwaka 1888 wanafunzi wa Assam waliokuwa wakisoma mjini Calcutta, mbali na kwao, waliunda chama cha kuiendeleza lugha yao, na mwaka uliofuata wakaanzisha jarida walilolipa jina Jonaki. Baadhi yao, kama vile Lakshminath Bezbaroa, waligeuka kuwa nguzo za fasihi ya lugha hiyo. Kisha mwaka 1917 kikazaliwa chama kikubwa zaidi, Asam Sahitya Sabha, ambacho kingali hai. Mikutano yake mikuu haikufungwa mahali pamoja, bali imekuwa ikihamishwa kutoka mji hadi mji, ili kila upande ujione kuwa ni mwenye chama.

Wala hatuhitaji kuvuka bahari ili kujua faida ya kukusanya. Muyaka bin Haji, malenga mashuhuri wa Mvita, alifariki yapata mwaka 1840. Tungo zake nyingi zilibaki vifuani mwa watu. Aliyezinusuru ni mwanachuoni wa Mombasa, Mwalimu Sikujua bin Abdallah, aliyezikusanya na kumfafanulia mmishenari W. E. Taylor katika karne hiyo hiyo ya 19. Diwani yenyewe ilichapishwa na William Hichens mwaka 1940, karne nzima baada ya mtunzi kuzikwa. Lau Mwalimu Sikujua angalisema kuwa hiyo si kazi yake, leo mwalimu wa fasihi angemtaja Muyaka kwa jina tu, bila ubeti wa kumwonyesha mwanafunzi.

Baada ya hapo kulikuja uamuzi wa 1928. Katika mkutano uliofanyika papa hapa Mombasa, lahaja ya Kiunguja ilichaguliwa kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, na Kimvita kikakosa nafasi hiyo. Silalamikii uamuzi huo. Usanifishaji umetupa vitabu, magazeti na lugha moja ya kusikilizana kutoka pwani hadi Kongo. Ninacholalamikia ni mazoea yaliyofuata, ya kumfanya mtoto aone kwamba bibi yake asemapo ndia badala ya njia, mato badala ya macho, au mtele badala ya mchele, anakosea. Hakosei. Anasema lugha iliyotumiwa na Muyaka. Mwalimu anayo haki ya kumwelekeza mwanafunzi aandike njia katika insha ya mtihani, lakini ana wajibu pia wa kumweleza ndia imetoka wapi. Na lahaja hazikipunguzii Kiswahili sanifu chochote. Neno runinga, tunalolisoma magazetini kila uchao, ni zao la Sheikh Ahmed Nabhany, mzaliwa wa Lamu aliyefariki 2017, ambaye alitumia hazina ya maneno ya kale ya pwani ya kaskazini kuunda maneno mapya.

Kwa nini basi ng'ambo ya kisiwa? Kwa sababu tuzungumzapo urithi wa Mombasa, macho yetu huishia Mji wa Kale na Ngome ya Yesu. Tunasahau kwamba Wachangamwe ni mojawapo ya Thelatha Taifa, pamoja na Wakilindini na Watangana. Tunasahau kwamba katika eneo la Kisauni ndiko kulikoanzishwa Freretown katika miaka ya 1870, makao ya watu waliokombolewa utumwani, baadhi yao wakiwa wamelelewa Nasik huko India, wakakutana hapa na kuifanya lugha ya pwani kuwa yao. Likoni nako, Kiswahili na Kidigo vimeishi kama ndugu wa nyumba moja. Fauka ya hayo, bandari, reli na kiwanda cha kusafishia mafuta kilichokuwa Changamwe vilileta wafanyakazi kutoka kila pembe ya Kenya, na wajukuu wao leo huota ndoto kwa Kiswahili. Kwa hiyo chama ninachokipendekeza kisimuulize mtu ukoo wake. Kimuulize amekuja na neno gani.

Utaratibu wake hauna ugumu. Mwaka wa shule una mihula mitatu, na maeneo yetu ni matatu. Muhula wa kwanza chama kikutane Likoni, wa pili Kisauni, wa tatu Changamwe. Kila mwanafunzi aende kwa mvuvi, mgema, msusi wa makuti au somo wa harusini, aandike misemo, vitendawili na majina ya vitu, pamoja na mahali na mwaka, kwa idhini ya msemaji. Walimu wahakiki. Yaliyo bora yachapishwe katika kijarida cha kurasa chache, na nakala ziwekwe katika maktaba ya kila shule. Gharama ni daftari, kalamu na nauli ya matatu. Na feri ya Likoni haimtozi nauli aendaye kwa miguu.

Walimu watasema muda hautoshi kwa sababu ya silabasi. Lakini fasihi simulizi imo ndani ya silabasi hiyo hiyo, na mwanafunzi aliyeketi na mzee akaandika vitendawili kumi kwa mkono wake hatahitaji kukaririshwa maana ya kitendawili. Serikali ikitaka kusaidia na isaidie, ila tusiifanye kisingizio cha kuketi. Wanafunzi wa Calcutta hawakuwa na serikali upande wao. Muhula ujao, chama kimoja cha shule kikiandikia cha jirani yake barua ya mwaliko, kazi itakuwa imekwisha kuanza.