BWANA SHAMBA ANASEMA: Kabla ya Kununua Pampu Kubwa, Tazama Bomba

Ndugu msomaji,

Mwezi huu tuzungumze juu ya kitu ambacho wakulima wengi wa mboga hawakitazami. Kitu hicho ni bomba. Maji yakiwa haba bustanini, lawama zote huenda kwa pampu. Mara nyingi pampu haina kosa.

Kuna kikundi cha wakulima katika bonde la Mto Mzinga, Temeke. Wanalima mchicha, matembele na bamia. Wana pampu moja ya petroli, nayo wameiweka ukingoni mwa mto. Bustani yao iko juu, meta 8 kutoka usawa wa maji. Mpira wa kupeleka maji una urefu wa meta 100. Upana wake wa ndani ni inchi moja, yaani milimeta 25.

Jua lilipokaza, mchicha wa matuta ya juu ulianza kunyauka. Mweka hazina wa kikundi ni mama mtu mzima, mwenye kutunza kila shilingi. Aliniita akasema, "Bwana Shamba, mashine yetu imechoka. Tumechanga fedha. Tusaidie kuchagua iliyo kubwa zaidi."

Zamani ningekubali mara moja. Nakiri kwamba niliwahi kukishauri kikundi kingine kununua pampu kubwa. Walinunua. Maji yaliongezeka kidogo tu, petroli ikaliwa mara mbili, na mpira ukapasuka. Fedha yao haikurudi. Tangu siku ile, mimi hupima kwanza.

Pima maji kwa ndoo

Tulichukua ndoo ya lita 20 na saa ya mkononi. Ndoo ilijaa kwa sekunde 20. Gawanya 20 kwa 20, unapata lita 1 kwa sekunde. Hicho ndicho kipimo cha kwanza. Kila mtu anaweza kukipata.

Kikundi kinahitaji lita 6,000 kila jioni. Kwa lita 1 kwa sekunde, ni sekunde 6,000, yaani saa moja na dakika 40. Muda wote huo pampu inanguruma na petroli inaungua.

Mlima usioonekana

Pampu ina kazi mbili. Kazi ya kwanza ni kupandisha maji kutoka mtoni hadi bustanini. Hapa ni meta 8. Kazi hii unaiona kwa macho.

Kazi ya pili huioni. Maji yakipita ndani ya bomba hujisugua kwenye kuta zake. Msuguano huo hula nguvu ya pampu. Ni kama pampu inapanda mlima mwingine juu ya ule wa kwanza. Kwa hiyo tunaupima msuguano kwa meta, kama kilima.

Je, mlima huo una meta ngapi? Vipimo hivi ni vya bomba laini la plastiki lenye urefu wa meta 100, likipitisha lita 1 kwa sekunde:

Upana wa ndani milimeta 25: zinapotea karibu meta 18.
Upana wa ndani milimeta 38: zinapotea karibu meta 2 na nusu.
Upana wa ndani milimeta 50: hata meta 1 haifiki.

Tazama vizuri, ndugu msomaji. Upana umeongezeka mara mbili tu, kutoka milimeta 25 hadi 50. Lakini msuguano umepungua karibu mara 30.

Sababu ni hii. Bomba likipunguzwa upana kwa nusu, mdomo wake hubaki robo. Maji yale yale yanalazimika kukimbia mara nne zaidi. Na maji yakikimbia, msuguano hupanda upesi kuliko mbio zenyewe. Mbio zikizidi mara mbili, msuguano huzidi karibu mara nne.

Hesabu ya nguvu

Sasa tufanye hesabu. Chukua lita kwa sekunde. Zidisha kwa meta zote, za kupanda na za msuguano. Kisha zidisha kwa 10. Jibu ni wati zinazohitajika kusukuma maji.

Mpira wa inchi moja: meta 8 na meta 18 ni meta 26. Lita 1 mara 26 mara 10 ni wati 260.

Bomba la inchi mbili: meta 8 na meta 1 ni meta 9. Lita 1 mara 9 mara 10 ni wati 90.

Pampu ndogo nyingi hupoteza karibu nusu ya nguvu zinazopewa. Kwa hiyo zidisha jibu lako kwa 2. Mpira mwembamba unataka wati 520. Bomba pana linataka wati 180. Maji ni yale yale, kilima ni kile kile, lakini nguvu ni theluthi tu.

Na kama wangetaka lita 2 kwa sekunde kwa mpira ule ule wa inchi moja? Msuguano ungepanda mara nne, yaani meta 72. Ongeza meta 8, ni meta 80. Lita 2 mara 80 mara 10 ni wati 1,600. Zidisha kwa 2, ni wati 3,200. Wangetumia nguvu mara sita ili wapate maji mara mbili. Ndiyo maana mpira wa kile kikundi cha kwanza ulipasuka.

Hata jiji hufuata kanuni hii

Maji mengi ya Dar es Salaam hutoka Mto Ruvu. Mtambo wa Ruvu Juu ulianza mwaka 1959, na wa Ruvu Chini mwaka 1976. Kutoka Ruvu Chini, maji husukumwa zaidi ya kilomita 50 hadi kwenye matangi ya Chuo Kikuu. Mtambo huo ulipopanuliwa katika miaka ya 2010, lililazwa bomba jipya lenye upana wa meta 1.8. Mtu mzima wa kimo cha kawaida anaweza kusimama ndani yake. Bomba pana ni ghali, lakini hulipiwa mara moja. Nguvu ya kusukuma hulipiwa kila siku.

Nawe unayekaa Bunju, Boko au Mbagala, angalia nyumbani kwako. Pengine umevuta mpira mwembamba wa meta 200 kutoka bomba la mtaa. Maji yakidondoka kama machozi, usikimbilie kulaumu. Kwanza pima urefu na upana wa mpira wako.

Mambo manne ya kukumbuka

1. Weka pampu karibu na maji. Pampu ya juu ya ardhi hushindwa kuvuta maji yaliyo chini yake zaidi ya meta 7 hivi. Ni hodari wa kusukuma kuliko kuvuta.

2. Bomba la kuvuta lisiwe jembamba kuliko mdomo wa pampu.

3. Punguza kona. Kila kona kali huongeza msuguano.

4. Dukani, uliza upana wa ndani. Mabomba mengi ya plastiki huuzwa kwa kipimo cha nje.

Kikundi kilifanya nini?

Walibishana siku mbili. Baadhi walitaka mashine mpya inayong'aa. Mweka hazina aliifanya hesabu mwenyewe mchangani kwa kijiti, akawashinda. Walinunua bomba la inchi mbili, wakaacha pampu ile ile.

Tulipopima tena, ndoo ilijaa kwa sekunde 5. Hiyo ni lita 4 kwa sekunde. Zile lita 6,000 sasa huchukua dakika 25. Fedha iliyobaki ilikwenda kwenye mbegu na samadi. Matuta ya juu hayanyauki tena.

Basi, ndugu msomaji, kabla hujafungua mfuko, tafuta ndoo, saa na futi ya kupimia. Hesabu haidai petroli.

Zoezi la kikundi

Ndoo ya lita 20 inajaa kwa sekunde 10. Bustani iko juu meta 5. Msuguano ni meta 5. Pampu inayopoteza nusu ya nguvu inahitaji wati ngapi?

Jibu: Lita 2 mara meta 10 mara 10 ni wati 200. Zidisha kwa 2, ni wati 400.

Tuonane mwezi ujao.

Bwana Shamba wenu